Nguvu Inaonekana, Fezi Haionekani

Vipimo vingi tunavyovitegemea hutuambia kiasi. Mita ya Luku hutuambia uniti zilizobaki, mizani ya buchani hutuambia kilo, cheti cha mtihani hutuambia alama, na Sensa ya 2022 ilituambia kwamba Watanzania tulikuwa 61,741,120, na kati yetu 5,383,728 walikuwa Dar es Salaam. Kiasi ni jambo la msingi. Nchi isiyojua kiasi haiwezi kupanga hata madawati ya shule moja. Lakini mambo yana upande wa pili ambao kiasi hakiugusi: kitu kimekaaje na wenzake, kinapanda wakati wao wanapanda, au kinapanda wakati wao wanashuka. Mafundi umeme huuita upande huo fezi. Nataka kuuliza: upande huo ukipotea, tukabaki na kiasi peke yake, je, tunaweza kuurudisha? Na kama tunaweza, tupime mara ngapi ndipo turidhike kwamba tumejua?

Nauliza kwa sababu naamini kwamba maana ya kitu chochote, iwe sauti, iwe damu, iwe maisha ya mtu, imo katika fezi zaidi kuliko katika nguvu, yaani kiasi chake. Wanafalsafa wamezungumza mengi juu ya jambo hili kwa maneno ya jumla. Wanahisabati wao wamelijibu swali langu kwa namba kamili, na majibu yao yanastahili kutafakariwa hata na mtu ambaye hajashika hesabu tangu amalize shule.

Mfano ulio karibu nasi uko Kinyerezi, Dar es Salaam. Anayefika huko kutokea Segerea huona minara ya chuma ya njia kuu za umeme ikivuka mabonde na vilima vilivyojaa nyumba mpya. Chini ya minara hiyo kuna mitambo inayochoma gesi asilia itokayo Mtwara na Songo Songo kupitia bomba lililozinduliwa mwaka 2015. Kinyerezi I ilianza na megawati 150, baadaye ikaongezwa. Kinyerezi II, iliyozinduliwa 2018, ina takriban megawati 240, na sehemu ya umeme wake hutokana na joto la moshi ambalo zamani lingepotea hewani: joto hilo huchemsha maji, na mvuke huzungusha mtambo mwingine.

Umeme wa Kinyerezi hausafiri peke yake. Unaingia kwenye gridi ya taifa ambako tayari kuna umeme wa maji wa Kidatu, Mtera na Kihansi, na wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Yote hiyo, iwe inasukumwa na maji au na moto, lazima ipige pigo moja: mara 50 kwa sekunde. Kila pigo huchukua sehemu 20 za elfu moja za sekunde. Ndani ya muda huo mfupi wimbi hupanda, hushuka, na kurudi lilipoanzia. Fezi ni mahali wimbi lilipofika katika safari hiyo.

Kabla jenereta haijaunganishwa na gridi, masharti yake yanajulikana kwa kila fundi wa mitambo. Volti zake zilingane na za gridi. Kasi yake ilingane. Mpangilio wa njia tatu za umeme uwe uleule. Hayo yote yakishatimia, bado liko sharti moja: fezi ilingane. Hapo ndipo kiasi kinapofika mwisho wa uwezo wake. Jenereta inaweza kuwa na volti zilezile na kasi ileile kama gridi, lakini wimbi lake likawa kileleni wakati la gridi liko bondeni. Kila mita ukiisoma peke yake itasema mambo ni shwari. Ilhali kati ya pande mbili hizo kuna pengo la volti mara mbili ya kilele cha kila mmoja, na atakayefunga swichi wakati huo anaweza kupinda shafti na kuunguza koili za mtambo wa mabilioni ya shilingi.

Mafundi wa zamani walifanyaje, kabla ya vifaa vya kisasa? Walitumia balbu za kawaida, na njia yao bado ina nafasi katika mafunzo ya umeme. Balbu hufungwa kati ya jenereta na gridi, moja kwa kila njia kati ya zile tatu. Balbu haijui fezi. Inajua nguvu tu: volti zikiwa nyingi inawaka, zikiwa chache inafifia. Lakini kwa kuwa imewekwa katikati ya wawili, nguvu inayoiona ni ya tofauti yao. Jenereta inapokaribia kasi ya gridi, balbu zote huwaka na kuzima polepole, kwa pamoja. Zikizima kabisa, maana yake mawimbi mawili yamekutana, na hapo fundi hufunga swichi.

Njia hiyo ina upungufu mmoja. Balbu zikififia unajua kwamba jenereta iko karibu na gridi, lakini hujui kama imeitangulia au imeachwa nyuma. Waliozoea kazi hii waliongeza hila moja ndogo: waliacha balbu moja kama ilivyo, wakapishanisha nyaya za mbili zilizobaki. Sasa mwanga haupepesi tena kwa pamoja. Unazunguka kutoka balbu moja hadi nyingine. Ukizunguka upande huu, jenereta ina haraka. Ukizunguka upande ule, inachelewa. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Ni balbu zilezile tatu, zinazojua nguvu tu, zimeulizwa kwa mpangilio mwingine, nazo zimetoa habari ambayo mwanzo hazikuwa nayo.

Leo kazi hiyo hufanywa na kifaa chenye mshale au na mfumo unaojiendesha. Lakini funzo la balbu limebaki palepale: kisichoonekana kwa kukipima kitu kimoja kimoja huonekana, kwa kipimo cha aina ileile, ukikiweka kati ya vitu viwili.

Sasa tugeukie namba, maana ndizo zinazotuambia tuulize mara ngapi. Chukua namba mbili zilizofichwa. Kila namba inaweza kuwa chanya au hasi, na sisi tunaruhusiwa kuona vipeo vya pili tu, yaani namba ikizidishwa kwa yenyewe, hivyo alama yake inapotea. Tunaambiwa kipeo cha pili cha ya kwanza ni 9, na cha ya pili ni 16. Basi ya kwanza ni 3 au hasi 3, na ya pili ni 4 au hasi 4. Hatujui kama ziko upande mmoja au zinapingana. Turudie maswali hayo mawili mara elfu moja: hatutajua kamwe. Lakini tukiuliza swali la tatu, kipeo cha pili cha jumla yao, jibu likiwa 49 ziko upande mmoja, na likiwa 1 zinapingana. Vilivyofichwa ni viwili, maswali yaliyotosha ni matatu, na lile lililofungua mlango ni lile lililowauliza wote wawili kwa pamoja.

Tuongeze namba ya tatu. Mtu mwangalifu atasema: nitauliza kila moja peke yake, hayo ni maswali matatu, kisha nitauliza jumla ya ya kwanza na ya pili, halafu jumla ya ya pili na ya tatu. Ya kwanza imefungwa kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, basi zote zimefungwa pamoja. Maswali matano. Inaonekana kamili, lakini si kamili. Tuseme namba ya katikati ni sifuri. Ya kwanza ni 3, na ya tatu ni 4 au hasi 4. Majibu yatakuwa 9, 0, 16, 9 na 16, iwe ya tatu ni chanya au hasi. Mnyororo umekatikia katikati, na hakuna swali hata moja lililoikutanisha namba ya kwanza na ya tatu.

Hali hii ipo katika mitaa yetu. Chukua viwanja vitatu vilivyopangana kwenye mteremko wa Kinyerezi, na mvua za masika zimebomoa ukuta wa kiwanja cha chini. Mjumbe wa mtaa anataka kujua maji yalielekezwa na nani. Anamsikiliza wa juu peke yake, anamsikiliza wa chini peke yake, na Waswahili wameshasema msema pweke hakosi: kila mmoja atatoka pale akiwa na haki yote. Mjumbe anaona bora awakutanishe jirani na jirani, wa juu na wa kati, wa kati na wa chini. Lakini kiwanja cha kati hakijajengwa, mwenyewe yuko mbali, hana cha kusema. Vikao vimefanyika vyote, karatasi zimejaa, na uhusiano kati ya wa juu na wa chini bado haujulikani. Kinachotakiwa ni kikao kitakachowaweka wote mahali pamoja, siku ya mvua, wakiangalia maji yanavyopita.

Wanahisabati wanasema hivyohivyo, kwa lugha yao. Mwaka 2006 Radu Balan, Pete Casazza na Dan Edidin walionyesha kwamba kwa vitu n vyenye alama zilizofichika, vipimo 2n toa 1 vinatosha, mradi vipimo vyovyote n kati ya hivyo vijitegemee, yaani hakuna kimoja kinachoweza kupatikana kwa kuchanganya vingine. Vikiwa vichache kuliko hapo, havitoshi kamwe, hata vikipangwa kwa ustadi gani. Kwa vitu vitatu, maswali matano yaliyochanganywa vizuri yanatosha, hata kama mmoja wa watatu ni sifuri. Lile kosa la mnyororo halikuwa katika idadi ya maswali. Lilikuwa katika namna ya kuuliza.

Sababu ya namba hiyo ni nzuri kuliko namba yenyewe, nami naona inafaa kukaa kichwani mwa kila mtu anayechunguza jambo. Tuseme kuna watu wawili tofauti wanaotoa majibu yaleyale kwa maswali yetu yote, na sisi hatuwezi kuwatofautisha. Kila swali lililodanganyika limedanganyika kwa njia moja kati ya mbili: ama haliioni tofauti yao, ama haliioni jumla yao. Basi maswali yote yamegawanyika makundi mawili. Ili tusidanganyike, lazima iwe hivi: ukiyagawa maswali yako makundi mawili kwa namna yoyote ile, angalau kundi moja liweze kuujua ukweli wote bila msaada wa lingine. Maswali matano yaliyochanganywa vizuri yakigawanywa mafungu mawili, fungu moja litakuwa na matatu au zaidi, na matatu yanatosha kujua vitu vitatu. Maswali manne yanaweza kugawanyika mawili kwa mawili, kila fungu likawa na upofu wake, na katika upofu huo wageni wawili wakapita kwa kitambulisho kimoja.

Nimeusoma mgawanyo huo nikafikiria jinsi tunavyojenga uhakika wetu. Mtu husema, nimesikia habari hii kwa watu kumi. Lakini wagawe hao kumi. Je, watano hawa, wakiwa peke yao, wanaweza kuisimamisha habari? Na wale watano wengine? Kama wote walisikia kwa mtu mmoja, kila fungu ni kipofu wa jambo lilelile, na kumi wao hawazidi mmoja. Wingi wa ushahidi haupimwi kwa kuhesabu vichwa. Unapimwa kwa kuugawa na kuona kama kipande kimoja bado kinaweza kusimama.

Hadi hapa nimezungumzia alama mbili, chanya na hasi. Umeme wa Kinyerezi hauna hali mbili tu. Wimbi linaweza kuwa popote katika mzunguko wake, na hesabu yake hufanywa kwa namba changamano, ambazo kila moja ina nguvu na pembe. Hapo bei inapanda. Mwaka 2013 Afonso Bandeira, Jameson Cahill, Dustin Mixon na Aaron Nelson walipendekeza kwamba mpaka ni vipimo 4n toa 4. Kwa vitu viwili ni vinne: nguvu ya cha kwanza, nguvu ya cha pili, nguvu ya jumla yao, na nguvu ya jumla yao baada ya kukizungusha kimoja robo ya mzunguko. Hiki cha nne ndicho kinachoamua nani ametangulia na nani amechelewa, kazi ileile iliyofanywa na zile balbu zilizopishanishwa.

Aldo Conca, Dan Edidin, Milena Hering na Cynthia Vinzant walithibitisha, katika kazi iliyochapishwa 2015, kwamba vipimo 4n toa 4 vinatosha karibu kwa uchaguzi wowote wa vipimo, na kwamba kwa idadi kama 3, 5 na 9 huwezi kushuka chini ya hapo. Ilitarajiwa basi kwamba ndiyo sheria ya kila n. Kwa vitu vinne sheria hiyo ingedai vipimo 12. Vinzant akatafuta, akapata vipimo 11 vinavyotosha, na akathibitisha kwamba vinatosha. Sheria iliyoonekana imefungwa ikafunguka kwa mfano mmoja. Nalitaja hili kwa heshima, kwa sababu linaonyesha kwamba hata swali la tuulize mara ngapi halijibiwi kwa mazoea. Linajibiwa kwa kuchunguza kila hali kwa uvumilivu.

Tuziweke namba hizo pembeni ya kile tunachokitafuta. Vitu n vyenye nguvu na pembe, ukishakubaliana pembe ya kuanzia, vina mambo 2n toa 1 ya kujua. Vipimo vinavyohitajika ni karibu 4n toa 4. Kwa alama tupu, mambo ya kujua ni n, vipimo ni 2n toa 1. Pande zote mbili ni karibu maradufu. Hili ndilo naliona kuwa kiini cha jambo lote: kupotea kwa fezi si msiba usio na dawa, lakini dawa yake ni kuuliza karibu mara mbili ya unachotaka kujua, na kuuliza kwa kuchanganya. Anayeuliza mara chache kuliko hapo, au anayeuliza kila kitu peke yake, hana ujuzi pungufu tu. Ana ujuzi unaoweza kuwa wa kitu kingine kabisa.

Kwamba maana imo katika fezi, hilo limethibitishwa na damu yetu wenyewe. Mwaka 1937, huko Cambridge, Max Perutz alianza kuchunguza himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, kwa kupitisha miale ya eksirei katika fuwele zake. Miale ikigonga fuwele hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Filamu inarekodi nguvu ya kila doa, fezi inapotea. Alikuwa na maelfu ya madoa, amepima nguvu zake, na hakuweza kusema himoglobini ina umbo gani. Njia ilifunguka 1953, alipoonyesha kwamba ukishikiza atomu za zebaki kwenye protini bila kuliharibu umbo lake, kisha ukapiga picha upya, nguvu za madoa hubadilika, na kwa kulinganisha picha hizo unaweza kuzirudisha fezi. Zebaki ilifanya kazi ya balbu: iliongeza kipimo kilichochanganya kisichojulikana na kinachojulikana. Umbo la himoglobini likachapishwa 1960, na mwaka 1962 Perutz na mwenzake John Kendrew wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ni protini hiyohiyo ambayo, kwa watoto wetu wenye selimundu, imebadilika mahali pamoja tu katika mnyororo wenye viungo 146. Ukipima kiasi cha viungo vyote, tofauti ni ndogo mno. Ukiangalia kiungo hicho kimekaa wapi na kinagusana na nini, unaielewa homa, maumivu ya viungo, na usiku ambao mama hakulala. Mzazi yeyote wa Dar es Salaam aliyekaa na mtoto mwenye ugonjwa huo anajua kwamba mpangilio si jambo dogo.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna idadi ya vipimo itakayolileta. Zile namba 3 na 4 tulizozitafuta, tukizigeuza zote mbili kuwa hasi, majibu yote yanabaki yaleyale. Kadhalika, tungeweza kuisogeza fezi ya mitambo yote ya gridi kwa pamoja, Kinyerezi na Kidatu na Rufiji, kwa kiasi kilekile, na hakuna balbu ambayo ingetikisika wala mota ambayo ingebadili mwendo. Wahandisi wa gridi duniani kote wanalijua hili, ndiyo maana huchagua kituo kimoja, wakakiita sifuri, na kupima vingine vyote kutoka hapo. Hata vifaa vya kupima fezi moja kwa moja, vilivyobuniwa na Arun Phadke na James Thorp huko Virginia Tech mwaka 1988, hufanya kazi kwa sababu vyote vinasoma saa moja ya setilaiti. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni pembe ya nyuzi 0.018 katika umeme wa mapigo 50. Ni usahihi wa ajabu, lakini ni usahihi wa kupatana: wote wameangalia saa moja.

Watu wengi huumizwa na wazo hili. Tunatamani maana ya maisha yetu iwe na pembe yake yenyewe, isiyotegemea mtu mwingine. Muumini ana jibu lake kuhusu nani ashikaye saa ya wote, nami simpingi. Ninachosema ni kwamba kati yetu sisi kwa sisi, ile fezi ya pamoja isiyopimika haitunyimi kitu. Hakuna mtambo unaozunguka kwa kuijua, wala mtoto anayepona kwa kuijua. Kila kinachofanya kazi hufanya kazi kwa tofauti zilizopo kati ya mmoja na mwingine, na tofauti hizo zote zinaweza kujulikana, mradi tulipe bei yake.

Na tunaweza kuchagua ni uhusiano upi tunautaka. Ethiopia na Kenya zimeunganishwa kwa njia ya umeme wa mkondo mnyoofu, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000. Mkondo mnyoofu hauna fezi. Kila nchi inabaki na pigo lake, na kwenye ncha zote mbili kumejengwa vituo vya gharama kubwa vya kugeuza umeme. Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa mkondo geu, kutoka Isinya hadi Singida, na waya wa namna hiyo unadai pande zote mbili zipige pigo moja. Njia ya kwanza ni ya kubadilishana bila kujuana kwa undani. Ya pili ni ya kuishi pamoja: mtikisiko wa mmoja unafika kwa mwingine, na nguvu ya mmoja inamshikilia mwingine asianguke. Zote mbili ni halali. Kosa ni kutaka faida ya pili bila kukubali wajibu wake.

Kwa hiyo nawaomba wale ambao kazi yao ni kuuliza: mwalimu anayempima mwanafunzi kwa alama za somo mojamoja, ofisa anayempima mkopaji kwa miamala yake peke yake, mtafiti anayepita nyumba hadi nyumba na dodoso, mwandishi wa habari anayempigia kila upande simu yake. Kiasi mnachokusanya ni cha kweli, na kinahitajika. Lakini ulizeni pia maswali yanayowagusa wengi kwa pamoja. Ulizeni karibu mara mbili ya mnachotaka kujua. Msimtegemee mtu mmoja wa katikati awaunganishe wengine, kwa sababu siku akinyamaza uzi wote unakatika. Na kabla ya kusema tumejua, gaweni ushahidi wenu mafungu mawili, kwa kila namna mnayoweza kuifikiria, muone kama moja linasimama. Lisiposimama, bado hamjajua. Rudini mkaulize tena.